Marubani wa Sandukuni, Garissa

Nyinyi mnaokuja kwangu na matokeo yenu mkononi, hata viatu hamjavua, swali lenu huwa ni moja. Bibi, zamani walikuwa wakifaulu wangapi? Kuna anayetaka nimwambie kwamba zamani mtihani wa sanduku ulikuwa rahisi, ili apate kumlaumu mwalimu wake. Kuna anayetaka nimwambie ulikuwa mgumu kuliko huu, ili ajipe moyo. Jibu la namna hiyo sina. Nimekaa kwenye meza ya kupimia marubani tangu usichana wangu hadi nywele zikanigeuka, na kuhusu hesabu ya waliofaulu nimejifunza hili tu: wakifaulu wote, utazame mtihani, wakianguka wote, umtazame mwalimu. Wanaobaki katikati ni watu, na watu ndio nitakaowasimulia.

Nikisema sanduku nyinyi mnaona lile la Nairobi la kujifunzia kuruka bila kuondoka chini, lenye miguu ya chuma inayopanda na kushuka, na vioo vinavyoonyesha mawingu, mvua na taa za uwanja wowote duniani. Mimi nilianza na sanduku kweli. Lilikuwa la mbao, dogo kama kitanda cha mtoto kilichowekewa mbawa fupi, mabaki ya vita vya Wazungu. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, usukani na geji zake. Mwanafunzi akiingia tulimfunika kwa kifuniko, akabaki gizani na vimulimuli vya geji tu. Chini kulikuwa na mivukuto ya hewa kama ya mhunzi. Akivuta usukani mivukuto inajaa, sanduku linainua pua. Akilaza upande linalala na kuzunguka. Haliendi popote. Lakini aliye ndani, naapa, anaamini yuko juu ya nyika.

Mimi nilikaa nje, mezani, nimevaa visikilizi. Mbele yangu palikuwa na ramani chini ya kioo, na juu ya kioo palitambaa kidude chenye magurudumu matatu na wino, kikichora njia ambayo mwanafunzi angepita kama angekuwa angani kweli. Kidude kile tulikiita kaa, kwa jinsi kilivyokwenda upandeupande. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa mnara, upepo na mvua. Nikimwambia upepo umegeuka, umegeuka.

Swali la haki ni sanduku kama hilo lilifika vipi Garissa, mji ambao miaka ile hata barafu ilikuwa habari. Ni vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vilivyolileta. Barabara ya Wajir ilikuwa haipitiki ila kwa msafara wa askari, na baadaye yakaja mabomu ya kufukiwa ardhini, ikawa hata msafara unakwenda kwa dua. Kampuni yetu ndogo ya ndege ilipewa kazi ya kupeleka barua, dawa, waalimu na maofisa Wajir, Habaswein, Griftu, hadi kusini Masalani. Safari ziliongezeka, marubani wakawa hawatoshi. Wazungu wengi walikuwa wanarudi kwao, na vijana wetu waliotoka shule ya urubani Nairobi walikuwa na leseni ndogo tu, ya kuruka mchana kweupe wakiwa peke yao. Kubeba abiria kulitaka zaidi ya hapo. Basi meneja akanunua sanduku kuukuu kwa bei ya kutupa, likaja kwa lori ndani ya msafara, limefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa.

Mimi nilikuwa mtumaji wa redio pale kiwanjani. Baba yangu alitoka Kipini akawa dresa wa hospitali Garissa, nami nikakulia hapo, Kiswahili nyumbani na Kisomali mtaani. Aliyeniweka kwenye meza ya sanduku ni Bwana Lobo, Mgoa, mwalimu wetu mkuu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, anayekunywa chai bila sukari na kuwahurumia wanaoiweka. Alisema nina sauti isiyobadilika, na kwamba rubani akiogopa anahitaji kusikia sauti ya mtu anayeagiza mboga. Hilo ndilo funzo langu la kwanza, lishikeni. Mkija kuwa waalimu, msipandishe sauti. Mwanafunzi atapandisha yake, na mtakuwa wawili msioona geji.

Joto lilitutesa. Banda letu lilikuwa la mabati, na kufika saa nne za asubuhi mwanafunzi alitoka sandukuni kama aliyetumbukia Tana. Mivukuto nayo ilipasuka kwa ukavu. Vipuri vilikuwa Uingereza, na barua ya kuviomba ilichukua msimu mzima kujibiwa. Bwana Lobo akaenda sokoni akamleta mshona ngozi, mzee aliyeitwa Shire, mtengenezaji wa viatu na mikanda ya visu. Mzee akaipapasa mivukuto, akanusa, akaleta ngozi laini ya mbuzi na gundi yake mwenyewe. Ilishika kuliko ile ya kiwandani. Alipoona sanduku linainuka kwa pumzi ya ngozi yake alimtazama Bwana Lobo kwa huruma akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Bwana, ndege yenu hii zamani ilikuwa mbuzi. Itaogoba mvua."

Bwana Lobo alicheka siku nzima. Tangu hapo sanduku likilegea upande alisema mbuzi ameona wingu. Lakini pia alinifundisha, kila asubuhi kabla ya mwanafunzi wa kwanza, kuingia mwenyewe, kulaza kulia, kulaza kushoto, na kuhakikisha geji zangu za mezani na za ndani zinasema jambo moja. Humpimi mtu kwa mizani usiyoipima.

Wanafunzi walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuanguka. Wekesa, kijana wa Bungoma, alikariri njia ya mtihani kama sala. Dakika hizi mbele, kata kulia, dakika hizi tena, shuka. Alikwenda vizuri mpaka nikambadilishia upepo. Hakuusikia, kwa kuwa upepo haukuwa kwenye sala yake. Kaa wangu akatambaa mashariki, akavuka mpaka wa Somalia na kuendelea. Bwana Lobo akachukua kipaza sauti akamwambia polepole kwamba akiendelea kidogo tu ataandikisha barua kati ya serikali mbili. Wekesa alikuja kuwa rubani mzuri sana, na hakukariri tena. Kulikuwa na mwingine, simtaji, niliyemwambia injini zote zimezima. Akafungua kifuniko akaruka nje. Aliumia kifundo cha mguu kwa kuanguka kutoka kimo cha meza.

Na kulikuwa na Bishar.

Bishar alikuwa kijana wa Habaswein, mrefu, mwenye sauti ya chini. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Mama yake aliuza chai na maziwa pale malori yanapopumzika. Shuleni Wajir alisoma kwa bidii, akapata nafasi ya Nairobi, akarudi na leseni yake ndogo. Mchana kweupe hatukuwa na mtu wa kumfikia. Marubani wengine walishika ramani na dira. Yeye alitazama chini akakuambia kile ni kisima cha fulani, pale mto mkavu unapinda, sasa Griftu iko kushoto nyuma ya miti ile. Mimi aliniita abaayo, dada, nami nilimpenda kama ndugu.

Lakini mjue miaka ile kijana wa Kisomali alikuwa anaishije. Jioni palikuwa na marufuku ya kutembea. Mchana askari wangeweza kuzingira mtaa, kuwakalisha wanaume juani na kuuliza mmoja mmoja kazi yake. Asiye na karatasi ya kazi alipandishwa lori. Bishar alikuwa na kitambulisho cha kampuni kilichoandikwa mwanafunzi rubani, na hata hicho hakikumzuia kupekuliwa langoni kila asubuhi na askari waliomjua kwa jina. Aliinua mikono, akapekuliwa, akashukuru, akaingia. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Kitambulisho kile kilikuwa ngozi yake ya pili, na kilitegemea mtihani wangu.

Sandukuni Bishar hakuwa Bishar yule wa mchana. Kifuniko kikishuka, ardhi aliyoisoma kwa macho ikapotea, yeye akaanza kuusikiliza mwili wake. Na mwili, watoto wangu, hauna ukweli gizani. Ukipinda polepole kwa muda, masikio yanakuambia umenyooka. Ukija kunyooka kweli, yanakuambia umepinda. Geji zinapiga kelele, mwili unazikanusha, na mtu huamini mwili wake kwa kuwa amezaliwa nao. Bishar alizunguka kushoto akishuka, akashikilia geji moja kwa macho, ile ya kimo, akavuta usukani ili apande, na kwa kuwa amelala upande, kuvuta kule kukazidi kumzungusha. Kwenye kioo kaa alichora kama konokono. Kimo kikafika sifuri.

Alitoka ameloa, akasema hapa Garissa hakuna mawingu. Meneja naye akasema vivyo hivyo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Meneja alikuwa Mwingereza aliyebaki baada ya uhuru, si mtu mbaya. Alikuwa na ndege zilizokaa bila marubani na maofisa waliompigia simu kila siku kuuliza dawa za Wajir zimekwama wapi. Aliona wengi wanaangukia zoezi moja, lile la kuruka gizani geji moja ikiwa imeharibika, akauliza kwa nini tusilifute. Huku jua ni mwaka mzima, alisema. Tunawafanyia watu mtihani wa London. Bwana Lobo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba asubiri. Wiki hiyohiyo Bwana Lobo akashikwa na homa ya manjano, macho yakawa kama nazi mbovu, akapelekwa hospitali Nairobi. Kabla hajapandishwa ndegeni alimwambia meneja mbele yangu kwamba kwa sharti la bima mwanafunzi habebi abiria bila idhini ya mwalimu wa sanduku, na mwalimu wa sanduku kuanzia sasa ni Zuhura. Zuhura ni mimi. Alinipa visikilizi vyake, ambavyo vilikuwa laini kuliko vyangu.

Mtihani wa Bishar ukaniangukia mimi. Asubuhi ile meneja alipita bandani akanieleza kwamba anamhitaji Bishar kwenye safari ya Habaswein, kwamba hakuna anayeijua njia ile kama yeye, na kwamba watu wangefurahi kumwona mtoto wao akishuka na dawa. Yote yalikuwa kweli. Kisha Bishar akaja. Alisimama kando ya meza akasema usiku askari walizingira mtaa wao, wakamchukua binamu yake aliyekuwa hana kazi, na hajulikani alipo. Hakuniomba chochote. Aliniambia tu, kisha akaingia sandukuni, nami nikamfunika.

Nilimpa njia ya Wajir na upepo wa pembeni. Alianza vizuri. Nikangoja mpaka moyo wangu utulie, kisha nikafunga vali ya geji ya upeo, ile inayokuonyesha kama mbawa zimelala. Nilimwona kwenye geji zangu akianza kuyumba. Akajiweka sawa. Akayumba tena. Nikasema kwa sauti ya kuagiza mboga, "Soma geji zako." Akajibu amesoma. Hakuwa amesoma, alikuwa ameganda kwenye moja. Kaa akaanza kuchora konokono.

Nilipofungua kifuniko alikaa bila kutoka. Nikamwambia, "Umeanguka, Bishar."

"Abaayo, nchi hii naijua kwa miguu."

"Najua. Humu hakuna miguu."

"Na nikitoka langoni bila kazi?"

Nilikwenda ofisini kwa meneja nikamwambia Bishar hajafaulu. Aliniuliza kama naelewa kwamba mwanafunzi aliyeanguka mara ya pili hafai kuendelea kulipwa kama mwanafunzi, na kama naelewa huko nje atapelekwa wapi. Nikamwambia naelewa kuliko yeye, kwa kuwa mtaa ule ni wangu pia.

"Basi mfaulishe," akasema. "Zoezi moja tu. Nani atajua?"

"Atakayejua ni yeye, siku ambayo hatakuwa na nafasi ya kusema."

Kisha nikamwambia lile nililolifikiria nikivuka kiwanja. Wahudumu wa kujaza mafuta hawatoshi. Mwandike Bishar kwenye mafuta, abaki na kitambulisho, na kila alfajiri kabla ya joto nitakuwa naye sandukuni, kwa muda wangu. Akifaulu utakuwa na rubani. Asipofaulu utakuwa na mtu wa mafuta anayejua kusoma. Meneja hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa hesabu na hesabu hiyo aliikubali.

Hivyo Bishar aliyesomea urubani akawa anaviringisha mapipa, na Wekesa, waliyekuwa darasa moja, akawa anapanda ngazi mbele yake na kofia. Langoni askari mmoja alimwuliza kama wamemshusha cheo kwa sababu ya kabila. Bishar alimjibu kwamba alishushwa na konokono, askari akadhani ni tusi la Kisomali.

Wiki za kwanza za alfajiri hazikuleta kitu. Nilimwambia usiuamini mwili, usiuamini mwili, kama walivyonifundisha kusema, naye alinijibu ndiyo, kisha akauamini. Kumwambia mtu asiamini kitu si kumfundisha. Unamnyang'anya fimbo bila kumpa nyingine. Siku moja, tumechoka wote, tumekaa juu ya mapipa tunakunywa chai ya tangawizi, nikamuuliza tu, bila hila yoyote, alipokuwa mdogo alichungaje ngamia kisimani, wakiwa wengi na wa watu wengi wamechanganyika. Akasema ni rahisi. Humkodolei mmoja. Jicho linapita, linagusa huyu, linagusa yule, linarudi kwa yule mkorofi, linapita tena. Ukimkodolea mmoja, hata akiwa mzuri, wengine wameshaondoka na mtu. Alisema hivyo huku kidole chake kikipita hewani, kulia, kushoto, katikati, kulia.

Kidole kile kikasimama. Alinitazama, akaweka kikombe chini, akaingia sandukuni mwenyewe.

Nilimfungia vali bila kumwambia. Kupitia visikilizi nilimsikia akinong'ona kwa Kisomali, akizitaja geji moja moja kama watu wanavyotaja wanyama wao: huyu yupo, huyu yupo, huyu amekufa, muulize jirani yake. Geji ya upeo ilikuwa imekufa. Akamuuliza jirani, ile ya mzunguko, na ya dira, na ya mwendo. Kaa alichora mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi mpaka Wajir. Kwa miaka yote iliyofuata nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo, hata wale wa Nairobi ambao ngamia wamemwona kwenye picha tu. Jicho lipite. Aliyekufa, muulize jirani yake.

Bwana Lobo aliporudi, amekonda, nilimwomba yeye ndiye ampime, maana mimi nilikuwa nimeshampenda mno mwanafunzi. Alimpima kikatili. Akampa idhini.

Sasa niwaambie kuhusu safari moja, kisha niwaache mkasome.

Redio ya Wajir ilikuwa imeharibika nami nikatumwa na vipuri. Rubani alikuwa Bishar. Tulikuwa na daktari wa mifugo kutoka Nyeri, mwalimu mmoja, barua, na dawa za Habaswein, tulikopangiwa kutua kwanza. Tangu barabara ifungwe Bishar hakuwa amemwona mama yake. Alituma habari kwa redio ya polisi kwamba anakuja. Chini ya kiti chake kulikuwa na sukari, majani ya chai na dawa ya macho ambayo baba yangu alimpatia mama yake kutoka hospitalini.

Tulitoka Garissa anga ni bluu. Kabla ya Habaswein upepo wa kiangazi ukanyanyua nchi. Hamjaliona vumbi lile nyinyi. Halikuja kama wingu; ardhi iliinuka tu, na mbingu na chini vikawa rangi moja ya chai ya maziwa. Bishar akashuka hadi kimo tulichokubaliana kisipitwe kama uwanja hauonekani. Pengo likafunguka upande wa kushoto, na sote tukaona paa chache na ua wa miiba. Likafunga.

"Si hapo ndipo kwenu?" daktari akasema. "Shuka tu, kijana. Wewe unapajua."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilikuwa mwalimu wake, na ndani ya ndege ile sikuwa na neno. Nahodha ni mmoja. Nilichofanya ni kumtazama kichwa. Nilijua kwamba kila mshipa wake ulikuwa unamwambia uwanja uko pale, mita chache, na mama yake amesimama kando yake amejifunika ushungi. Pengine mishipa yake ilikuwa inasema kweli. Kisha nikaona kichwa kikianza kusogea kidogo kidogo, kulia, kushoto, katikati. Jicho lilikuwa linapita. Injini zikanguruma, tukapanda.

Njia nzima hadi Wajir hatukuona kitu. Daktari alikasirika, kisha akaanza kusali Baba Yetu kwa Kikikuyu. Wajir vumbi lilikuwa jepesi, uwanja ukaonekana, tukatua. Bishar aliwasaidia abiria kushuka, akamwomba daktari radhi kwa usumbufu, halafu akaja kukaa chini ya bawa, ameikalia mikono yake.

"Niliona paa la kibanda cha chai cha mama," akaniambia.

Nikasema na mimi nililiona. Nilifungua chupa ya chai nikammiminia.

Safari iliyofuata nilijipangia mwenyewe. Nilisema redio inahitaji kuangaliwa tena, na haikuhitaji. Siku hiyo Habaswein ilikuwa wazi kama kiganja. Mama yake alikuwa uwanjani, mwembamba, macho mekundu kwa ugonjwa, ameshika mkono wa jirani. Bishar alimwinamia akambusu kichwani. Mama akampapasa uso, mabega, mikono, kama anayekagua mzigo uliotoka mbali, kisha akamuuliza siku ile ya vumbi kama ni yeye aliyekuwa juu.

"Ni mimi, hooyo. Nisamehe."

"Nilisikia umeshuka, umeshuka, nikajua ni wewe. Halafu nikasikia umepanda, umekwenda. Wanawake wakaniambia, mwanao amekupita. Nikawaambia, bora anipite mzima." Akageuka upande wangu, ingawa sidhani aliniona vizuri, akauliza huyu ni nani. Bishar akamwambia ni mwalimu wake. Bibi yule akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda, akanipa maziwa ya ngamia kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Nimewahi kupewa vyeti. Vingine sijui viko wapi.

Zoezi halikufutwa. Meneja hakusema kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikumngoja aseme. Aliendelea kuuliza wangapi wamefaulu mpaka alipoondoka, na aliyemfuata akauliza, na wa Nairobi wakauliza kwa miaka na miaka, na ni haki yao, kwa kuwa ndege bila rubani ni bati. Binamu ya Bishar alirudi baada ya vita kwisha, amezeeka kabla ya wakati. Wengine wa mtaa ule hawakurudi.

Bishar aliruka hadi kikomo cha umri wake. Aliruka ndege kubwa, akaenda nchi ambazo mimi nilizijua kwenye ramani chini ya kioo tu. Alipostaafu alirudi Garissa akafuga, akawa na wajukuu wengi na kisukari. Mwaka juzi alifariki kitandani mwake, alfajiri, watu wake wamemzunguka, tukamzika siku hiyohiyo. Baada ya maziko mjukuu wake mmoja, ambaye naye anasomea urubani, alikuja nilipokaa na wanawake. Aliniuliza kwa adabu kama katika miaka yote ile babu yake aliwahi kuanguka.

Nikamwambia ndiyo, mbele yangu, sandukuni.